Fedha, Rangi na Wino

Nilipokuwa mpiga picha Mtunda, bonde la Rufiji, wateja waliuliza bei na ukubwa wa picha. Mimi nilihangaikia maji. Picha nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha zilizoshikwa na gelatini juu ya karatasi. Mwanga hauzisumbui. Zinachoogopa ni mabaki ya fiksa, dawa inayoondoa chumvi za fedha ambazo mwanga haukuzigusa. Fiksa ina salfa. Ikibaki ndani ya karatasi, joto na unyevu wa bonde la Rufiji hufanya kazi yake, fedha inakuwa ya manjano, kisha sehemu nyepesi za uso zinafutika.

Fundi aliyenifunza aliosha karatasi nene saa nzima, akibadilisha maji kila mara. Ile yenye plastiki, iliyoenea miaka ya 1970, ilitosheka na dakika chache kwa kuwa hainywi dawa. Kule pwani Nyamisati, ambako maji baridi tulinunua kwa dumu, tuliacha maji ya bahari yatuame tope, tukaoshea hayo kwanza. Maji ya chumvi huing'oa fiksa upesi kuliko maji baridi. Lakini suuzo la mwisho sharti liwe la maji baridi, kwa sababu chumvi ikibaki huvuta unyevu. Mpiga picha anayebania suuzo hilo anamwibia mteja miaka ambayo mteja hajui kuidai.

Kila enzi ina udhaifu wake. Wakati wa mpiga picha A. C. Gomes kule Unguja, karne ya 19, karatasi zilipakwa ute wa yai: picha zilitoka na undani wa ajabu, ila ute huo huwa manjano.

Rangi zilipofika, chumba chetu cha giza kilifungwa na filamu zikawa zinapelekwa Dar es Salaam. Watu walifurahi, na walistahili kufurahi. Hatimaye kanga ya bibi harusi ilionekana ilivyo. Lakini picha ya rangi haina fedha. Yote huondolewa wakati wa kusafisha, zikabaki tabaka tatu za rangi: ya manjano, ya majenta na ya samawati. Kwenye karatasi za miaka ile samawati ilikuwa dhaifu, ikififia hata gizani sandukuni kwa joto peke yake. Ndiyo maana harusi nyingi za miaka ya 1970 na 1980 leo ni nyekundu tupu.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, binti mmoja alinijia na mfuko wa picha zilizoloa.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Usizibandue!”

Picha za wino wa maji, zilizochapwa kwa printa ya kompyuta, zilikuwa zimechuruzika. Hapo sikuweza kitu. Za rangi zilizogandana, zikiwemo za harusi ya mama yake, nilizilaza kwenye beseni la maji safi ziachiane zenyewe, maana gelatini iliyoloa huchanika ukiivuta. Picha ya bibi yake, nyeusi na nyeupe, niliisuuza tope polepole, nikaianika kivulini uso juu. Weusi wake ulikuwa mzito bado.

Alitaka tuanze kunakili hiyo, kwa sababu ndiyo kongwe.

“Anza na harusi ya mama yako,” nikamwambia. “Bibi anaweza kusubiri.”