Moto ya Likasi na moto ya Kinshasa

Mwezi huu ninataka kuwapeleka Kinshasa, lakini safari yetu inaanza hapa Likasi, katika kampi, karibu na mbabula ya mama yangu.

Kwetu neno moto halina shida. Asubuhi mama alisema, "Muwashe moto!", na sisi watoto tukakimbia kutafuta makala. Maji yenye kuchemka ni maji ya moto, chai ni ya moto, hata muji ukiwa na fujo tunasema kuna moto. Neno lenye kutuletea matata lilikuwa lingine, ni mutu. Jirani yetu alikuwa mama mumoja wa Kasai. Siku moja akakamata kichwa kwa mikono miwili, akaita, "Mutu, mutu!" Tukatoka mbio kuangalia ni mutu gani amefika. Hakukuwa mutu. Kwa Tshiluba mutu ni kichwa, na mwanadamu ni muntu. Yule mama aliumwa kichwa tu, na sisi tukamucheka mpaka baba akatuchapa. Kampi zetu ziko vile. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, kisha ikatafuta wafanyakazi mbali, na watu wa lugha nyingi wakapanga nyumba ukuta kwa ukuta. Kiswahili ikawa njia ya kupita kwa jirani. Mimi niliwaza kwamba mutu mwenye kukomaa kampini hawezi tena kudanganywa na neno.

Mwaka 2015 kanisa lilinituma Kinshasa kwa mafundisho ya majuma mawili. Kutoka Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 1500 kwa ndeke. Ukishuka uwanja wa N'djili, unafuata Boulevard Lumumba, na pale kandokando ya barabara ni Masina, pahali nilipopokelewa. Wenyeji wanaita Masina "Chine populaire" kwa sababu ya wingi wa watu, na ni kweli: nilitoka nje saa kumi na moja asubuhi, nikakuta njia imejaa kama soko. Bukari yetu inaitwa fufu, sombe inaitwa pondu. Hayo nilizoea siku moja tu, kwa sababu tumbo halina lugha. Lingala nilijua kidogo, ile ya waaskari na ya muziki, kama sisi wote wa Katanga. Nilijua kusalimia, kuuliza bei, kusema ndiyo na hapana. Mutu mwenye kujua lugha nusu yuko katika hatari kuliko mwenye kutojua kitu, maana huyu wa pili anauliza.

Siku ya tatu wamama wa kanisa walinipeleka kuombea mama muzee mumoja, mujane. Wote walimuita Koko, ni kusema nkambo. Chumba kidogo nyuma ya lupango, kitanda, ndoo mbili, na karibu na mulango mbabula yenye majivu ya baridi. Alinikamata mukono, akaniangalia sana, akasema, "Papa pasta, naza na moto te."

Nilisikia vizuri. "Naza na ... te" ni kusema: sina. Na moto, nani angenifundisha moto? Mbabula ya baridi ilikuwa mbele ya macho yangu, kama shahidi. Nikawaza: mama huyu anakosa hata makala ya kupika, na mimi nitamuombea maneno matupu? Nikafanya sala fupi, nikatoa mafranka, nikatuma kijana alete saki nzima ya makala. Hapo hapakuwa shida, kwa sababu makala ni makala Likasi, na ni makala Kinshasa. (Tanzania ndiyo mambo ni mengine: kule ya kupikia ni mkaa, na makala ni maandiko ya gazeti, kama haya munayosoma. Katika shule ya Biblia tulipata magazeti ya kule, na mwanafunzi mumoja aliuliza namna gani mutu anaweza "kuandika makala".) Saki ikafika. Koko akaiangalia, kisha akaniangalia mimi. Akasema, "Melesi, papa." Wamama wenye kunisindikiza hawakusema neno; kwao ilikuwa zawadi ya mugeni. Jioni nikamupigia bibi yangu simu na kumuelezea wema wangu. Ndiyo, nilifanya hivyo.

Siku ya Mungu wakaniomba nisalimie kanisa. Nikataka kuwafurahisha, nikaandika maneno machache ya Lingala kwenye karatasi: "Nzambe alingaka moto nyonso." Mungu anapenda kila mutu. Nikasoma kwa sauti ya nguvu, sauti ya kwetu, nikipandisha MO na kushusha to. Wazee wakainamisha kichwa. Vijana wa kwaya hawakuweza: wakacheka mpaka mumoja akatoka nje. Nilikuwa nimewaambia kwamba Mungu anapenda kila moto, ule wa kuunguza.

Kisha ibada yule mwenye kutoka nje alikuja kuomba musamaha, na ni yeye alinifundisha. Alipiga meza kwa vidole kama ngoma. Ukisema moto sauti chini, chini, zote sawa, ni mwanadamu. Ukianza chini na kumaliza juu, ni kichwa. Ukianza juu na kushuka, ni moto wa kuwaka. Katika kuandika, watu wengi hawatie alama hata moja juu ya herufi. Maneno matatu yanakaa kwenye karatasi kama mapacha. Sisi wenye kiswahili tunakaza tu silabu ya mbele ya mwisho, kwa hiyo kila moto yetu inatoka juu na kushuka. Kwa bahati nzuri, nyumba ikiungua Masina, mutu wa Likasi akilia "Moto!", watamusikia. Lakini akitaka kusema habari ya watu, ataunguza wote.

Kijana akaniambia jambo lingine la kusaidia: nisikilize neno lenye kufuata. Mwanadamu anafuatwa na a, kitu kinafuatwa na e. "Moto azali" ni mutu yuko, "moto ezali" si mutu. Tena kuna moto ya nne, ile ya kupanda, yenye magurudumu mawili, tuliyopata katika kifaransa, ambayo vijana wenye kuiendesha Kinshasa wanaitwa wewa, jina lenye kutoka Kasai. Akacheka: "Moto akwei na moto." Mutu ameanguka kutoka kwa pikipiki. Mimi ningesikia kwamba moto umeanguka motoni.

Nilifurahi sana na somo hilo. Nikaanza kupanga mbele ya kijana: Wabemba wanasema umuntu, Waluba muntu, sisi mutu, na watu wa muto mukubwa wanasema moto. Ni mutoto mumoja aliyekomalia katika nyumba mbalimbali. Kumbe moto ya Lingala ni ndugu ya mutu yetu, haina undugu na moto yetu hata kidogo! Moto yetu ya mbabula, Mubemba anaiita umulilo, na Mukasai kapia. Nilikuwa nikisema hivyo wakati ulimi wangu ulisimama wenyewe. Nikauliza pole pole, "Na mutu akisema: naza na moto te?"

Kijana akajibu bila kufikiri, "Hana mutu, papa. Yuko peke yake."

Hapo hakuna a wala e ya kukusaidia. Nilijihesabu haki mara nyingi: mbabula ilikuwa ya baridi, neno nililijua tangu utoto. Lakini yule mama alinikamata mukono. Alikuwa akiniangalia mimi. Mbabula hakuiangalia hata mara moja. Hilo nililiona siku ileile, na niliacha lipite, kwa sababu makala ilikuwa rahisi: unalipa, unaenda.

Siku ya Kazi Moja, kisha mafundisho, nikapanda moto kwa wewa, nikarudi. Saki ilikuwa karibu na kitanda, imefungwa bado kwa kamba yake. Nikamuambia kwa Lingala yangu yenye kuvunjika kwamba juma lililopita sikusikia. Koko akacheka kwanza, cheko la mutu asiye na meno, kisha akalia kidogo. Akanielezea: mume amekufa, watoto wawili wamekufa, mumoja alienda Angola na hakuandika. Kupika hapiki sana, juu ya mutu mumoja hauwashi mbabula; jirani anamupatia sahani. Aliuliza kama mama yangu ni muzima. Nikamuambia habari za Likasi, za kampi, za yule mama wa Kasai na kichwa chake. Nusu ya maneno hayakupita, lakini hakuniachilia niende.

Giza likaanza kuingia. Akasimama, akafungua kamba ya saki, akajaza mbabula, akawasha. Chungu kikawekwa. Jirani akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta kwa nini leo kuna moshi kwa Koko. Akajibu bila kugeuka, "Moto ayei." Sauti yake ilikuwa chini, zote sawa, na mbele ya neno la pili nilisikia a.