Mkono Uliokitupa Kikombe

Vijana wa rika langu walimjua Adriano, mshambuliaji wa Brazili, kwenye banda la gemu. Ukichagua Inter Milan, mwenzako analalamika kabla mpira haujaanza, maana kwenye gemu la mpira la PES 6 nguvu ya shuti la Adriano iliandikwa 99 na juu ya hapo hapakuwa na namba nyingine. Unapiga kwa mguu wa kushoto kutoka popote, kipa anaruka, nyavu zinatikisika. Hatukujua kwamba miezi ile ile tuliyokuwa tukigombea zamu ya kumchezesha, mwenyewe kule Italia alikuwa anazama.

Adriano Leite Ribeiro alizaliwa Februari 1982 na kukulia Vila Cruzeiro, mtaa wa walalahoi jijini Rio de Janeiro. Baba yake aliitwa Almir. Mtaani wakimwita Mirinho. Adriano alipokuwa na miaka 10, risasi iliyopotea njia ilimpata mzee huyo kichwani, akapona, akaendelea kuishi nayo humo humo kichwani. Katika simulizi ya maisha yake aliyoitoa mwaka 2024, Adriano anakumbuka sherehe moja ya mtaani alipokuwa na miaka 14. Alishika kikombe cha plastiki chenye bia, kama wenzake. Baba akamwona. Akamfuata pale pale mbele za watu, akampokonya kikombe, akakitupa chini.

Nimekaa na picha hiyo siku nyingi.

Tarehe 25 Julai 2004, jijini Lima, Brazili ilikuwa nyuma kwa 2-1 dhidi ya Argentina katika fainali ya Copa América. Dakika za nyongeza zikiyoyoma, Adriano akasawazisha, na Brazili ikabeba kombe kwa penalti. Alimaliza mashindano akiwa mfungaji bora, mabao 7. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, simu ikaingia kutoka kwao: baba amefariki, moyo umesimama. Javier Zanetti, nahodha wake pale Inter, amesimulia kwamba kijana aliitupa simu akaanza kupiga yowe, na kwamba tangu siku hiyo yeye na mmiliki wa klabu, Massimo Moratti, walimchukua kama mdogo wao. Adriano alikuwa na miaka 22.

Kwetu mfiwa hukaliwa. Jamvi linatandikwa, majirani wanaingia na kutoka, kuna hitima, kuna kuanua tanga, kuna arobaini. Hata asiye na la kusema anakuja kukaa tu. Ratiba ya ligi haina arobaini. Msimu ulianza, Adriano akavaa jezi, akafunga. Machi 2005 aliwapiga Porto mabao matatu peke yake katika Ligi ya Mabingwa. Juni mwaka huo, kwenye Kombe la Mabara, akawa mfungaji bora kwa mabao 5 na mchezaji bora wa mashindano. Nani angemtazama mtu huyo akasema ana msiba?

Naandika hivi kwa sababu nami nilirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika baba. Mkubwa wangu alipiga simu, nikaenda. Nikafanya kazi vizuri mno, watu wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Mwezi wa nane nikaenda nyumbani, nikafungua mlango wa chumba cha nje, nikakuta kofia yake imetundikwa kwenye msumari, bado ina mkunjo wa kichwa chake. Nilikaa sakafuni mpaka adhana ya magharibi. Kulia kwangu kulianzia hapo.

Adriano yeye alizama katika pombe. Sisemi pombe ilianza na msiba. Mwenyewe amesimulia Krismasi moja Milan, baba akiwa bado hai: alipiga simu nyumbani, akasikia kelele za sherehe ya ukoo mzima, akakata simu, akamaliza chupa ya vodka peke yake huku analia. Na wapo wengi waliofiwa na baba wakaendelea na mazoezi. Ila palipo na baba, hata akiwa ng'ambo ya bahari, kuna mtu mwenye haki ya kukupokonya kikombe. Kocha anaweza kukuweka benchi, klabu inaweza kukukata mshahara au kukutoa kwa mkopo, kama Inter walivyompeleka São Paulo mwaka 2008. Hakuna kati yao awezaye kufanya alichofanya Mirinho pale kwenye sherehe. Zanetti amekiri kwamba kushindwa kumtoa Adriano katika sonona huenda ndiko kushindwa kwake kukubwa kuliko kote. Naliheshimu sana neno hilo, kwa sababu halimtupii lawama aliyezama.

Aprili 2009, akiwa na miaka 27, aliondoka Inter. Mwaka huo huo akaipa Flamengo, klabu ya utotoni, ubingwa wa Brazili kwa mabao 19. Baada ya hapo ni Roma, ni Corinthians, ni kano ya kisigino iliyokatika. Inter wakatwaa makombe matatu mwaka 2010 bila yeye. Watu wakapiga hesabu ya mabao na mamilioni aliyopoteza, wakahitimisha: kajiharibia mwenyewe. Mimi hesabu hiyo siikubali. Hasara yake kubwa ilitokea Agosti 2004, na hakuna aliyeiandika kwenye daftari.

Tarehe 15 Desemba 2024 alichezewa mechi ya kumuaga uwanjani Maracanã. Kwenye skrini kubwa wakaonyesha video iliyotengenezwa kwa kompyuta, baba yake akizungumza naye. Adriano akalia mbele ya uwanja mzima. Alikuwa na miaka 42.