Akihabara: Waya Uhesabiwao kwa Mkono

Atokaye katika kituo cha reli cha Akihabara, mjini Tokyo, hulakiwa na taa za kila rangi na majumba marefu yauzayo kompyuta na vinyago vya michezo. Lakini chini ya daraja la reli mna vichochoro ambamo vibanda vimebanana kama masega ya nyuki. Humo huuzwa swichi, waya na valvu za redio za zamani.

Soko hili lilizaliwa na vita. Baada ya mwaka 1945 wachuuzi walitandaza vipuri vya redio barabarani, na wanafunzi wa shule ya umeme iliyokuwa jirani wakawa wateja wao. Mwaka 1949 utawala wa majeshi ya Washirika uliamuru vibanda vya barabarani viondolewe, ndipo wengi wakahamia chini ya reli. Sehemu moja ya soko, iliyoitwa Radio Store, ilifungwa mwaka 2013.

Nilikwenda huko na mzigo mdogo: transfoma iliyoungua ya kikuza sauti cha marehemu baba yangu. Mwenye kibanda mmoja alinielekeza kwa mzee asokotaye transfoma kwa mkono.

Kazi ya chombo hiki ni kupatanisha wasiolingana. Valvu hutoa umeme wenye msukumo mkubwa na mkondo mdogo; spika hutaka kinyume chake. Valvu za baba zilihitaji mzigo wa omu 5,000, na spika yake ni ya omu 8. Gawanya, upate 625. Kipeuo chake cha pili ni 25. Basi kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika hudai 25 upande wa valvu: 100 kwa 2,500.

Mzee alizungusha mtambo wake polepole, waya wa shaba ukipita kati ya vidole viwili. Kila tabaka lilipojaa, alilifunika kwa karatasi. Tabaka za pande mbili alizipandanisha kwa zamu, kwani zikitengwa mbali, sauti nyembamba hupotea.

Nikamwuliza, kwa kinywa cha mkalimani, kama ana mwanafunzi. Aligeuza kichwa kujibu, na waya ukapanda juu ya mwenziwe. Hakunung'unika. Alifumua tabaka zima, akaanza upya. Waya uliopandana hukwaruzana vanishi yake, na mizunguko miwili ikigusana shaba kwa shaba, kazi yote huweza kuharibika. Ndipo akajibu: hana.

Sikuuliza tena.

Niliporudi nyumbani nilifunga transfoma mahali pake, nikaweka sahani ya santuri. Mama alisikiliza kimya, kisha akaniambia nipunguze sauti, kama alivyozoea kumwambia baba.