Mkulima Aliyepiga Picha za Theluji

Wenye macho ni wengi, lakini waonao ni wachache. Kitu kikiwa mbele yetu kila siku, twakipita kana kwamba hakipo. Wilson Bentley alikitazama kitu ambacho wenzake walikikanyaga tu.

Alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Katika nchi ile, wakati wa baridi, theluji kama ile ya kilele cha Kilimanjaro huanguka mpaka mlangoni, ikafunika mashamba na mapaa ya nyumba. Kwa jirani zake theluji ilikuwa taabu tu, kitu cha kuondolewa njiani kwa koleo.

Alipokuwa na umri wa miaka 15, mama yake alimpa hadubini, chombo chenye vioo vya kukuza vitu vidogo. Kijana akaweka chembe ya theluji chini ya kioo, akastaajabu. Kile alichodhani ni vumbi jeupe kilikuwa kama ua la pembe sita, lenye nakshi kupita kazi ya sonara. Akajaribu kuichora, lakini kabla hajamaliza, ikayeyuka, ikawa tone la maji. Akaona huzuni, maana uzuri ule umepotea, wala hapana aliyeuona ila yeye.

Basi akaomba anunuliwe kamera ya kuunganisha na hadubini yake. Bei yake ilikuwa dola 100 hivi, fedha nyingi kwa mkulima. Baba yake hakuona faida ya kazi hiyo, lakini mwisho alikubali. Bentley akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, katika kibanda kisicho na moto. Aliipokea chembe juu ya ubao mweusi, akaiinua kwa kijiti chembamba, huku akizuia pumzi yake isije ikaiyeyusha. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, picha ya kwanza ikatokea.

Kila mwaka wakati wa baridi aliendelea, wala hakuacha kazi ya shamba. Jirani walimwona mtu wa ajabu, apigaye picha kitu kisicho na bei. Yeye hakujali. Alipiga picha zaidi ya 5,000, wala hakupata kuona chembe mbili zilizo sawasawa. Mwaka 1931 kitabu chenye picha zake zaidi ya 2,000 kilitolewa, na Desemba ya mwaka ule ule akafa.

Kamera haikuuumba uzuri ule, iliuhifadhi tu. Jicho ndilo lililotangulia kuuona. Naye asiye na kamera aweza kuanza vivyo hivyo: atwae bawa la panzi, au jani moja la mgomba, alitazame polepole, mpaka aone jambo ambalo jana hakuliona.