Lenzi ya Mbali au Kamera ya Zumu Kubwa? Nimekata Shauri

Kimya changu kilikuwa cha testi tu, sijapotea. Leo naomba niongelee kitu ambacho wiki mbili hizi kimeninyima usingizi kuliko testi zenyewe. Nina hela ya kununua kitu kimoja, na ninavyovitaka ni viwili.

Wanaonifahamu wanajua nina Canon EOS 600D, toleo la mwaka 2011, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Kamera hiyo ndo ajira yangu ya Jumamosi: mahafali, kipaimara, harusi za watu wasio na makuu. Sehemu ya hela inakwenda kwa dogo, yuko kidato cha tano bweni, nauli na sabuni haviishi. Bumu haliwezi kufika huko, lina wenyewe hapahapa chuoni.

Tatizo ni kwamba milimita 55 haifiki mbali. Na mimi ni mwalimu mtarajiwa wa Biolojia na Jiografia, TP hiyo inakuja, nataka zana za kufundishia za kwangu mwenyewe. Tukifika kwenye somo la viumbe kuendana na mazingira, tumezoea kukimbilia ndege wa visiwa vya Galápagos, kule alikofika Darwin mwaka 1835. Sawa, mfano mzuri. Lakini chozi yuko nje ya hall hapa, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, ananyonya maua. Mwanafunzi wa kidato cha pili anampita kila asubuhi akienda namba, halafu darasani anasomeshwa ndege wa Pasifiki! Mimi nataka nimwonyeshe huyu wa kwao.

Basi, vitu vyenyewe ni hivi, na vyote ni vya mtumba maana vipya vya aina hiyo tusiongelee. Cha kwanza ni lenzi ya Canon ya milimita 55 hadi 250, inafungwa kwenye kamera niliyonayo. Cha pili ni Canon PowerShot SX50 HS ya mwaka 2012, kamera nzima yenye zumu ya mara 50 ambayo lenzi yake haibanduki. Kwa vipimo vya kamera za filamu ya milimita 35, lenzi ile inafika 400 na SX50 inafika 1200. Mara tatu zaidi, yaani!

Rumeti wangu hakutaka hata mjadala. "Mshkaji, 1200 ni 1200. Unavuta ndege kutoka juu ya mnazi, umemaliza." Na uzito je? 600D na lenzi hiyo ni kama gramu 960, SX50 ni 595. Hapo alikuwa na hoja, sikatai. Lakini nikachukua kalamu.

Hesabu ya kwanza ni ya mwanga. Kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kwenye 600D kina milimita 22.3 kwa 14.9. Kwenye SX50 ni kama 6.2 kwa 4.6. Ukizidisha, cha 600D ni kikubwa karibu mara 12. Weka beseni na kikombe nje mvua ikinyesha, uone kipi kimekusanya maji mengi. Mvua ikiwa kubwa vyote vinajaa, ikiwa ya manyunyu kikombe kinabaki na matone. Ndege wanachangamka alfajiri, tena wanakaa kwenye kivuli cha miembe. Chozi hatulii, unahitaji shata ya haraka kama 1/1000 ya sekunde, na shata ya haraka inakula mwanga. Kwa hiyo kamera ndogo inalazimika kupandisha ISO, na picha inajaa chengachenga kama televisheni iliyokosa antena.

Hesabu ya pili ndo iliyonishangaza. 600D inatoa pikseli 5184 kwa 3456. Nikipiga kwa lenzi ya 250 halafu nikakata katikati ili nilingane na ile 1200 ya SX50, nagawa kwa tatu kila upande, nabaki na 1728 kwa 1152. Ni pikseli kama milioni mbili tu. Inasikitisha eeh? Lakini karatasi ya A4 ukiichapa kwa nukta 150 kwa inchi inahitaji 1754 kwa 1240. Nakaribia kabisa! Na projekta nyingi za zamani zinaonyesha 1024 kwa 768 tu. Ilimradi picha iwe kali, darasa zima litauona mdomo wa chozi vizuri.

Sasa tusimwonee mtu. Jua likiwa zuri na mwewe ametulia juu ya nguzo, SX50 inashinda, maana pikseli zake zote milioni 12 zinakwenda kwa mwewe. Ila jua likishakuwa kali, hewa ya moto juu ya uwanja inacheza, na kadiri unavyovuta kutoka mbali ndivyo picha inavyotikisika kama kitu kilicho chini ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo, dawa ni kusogea.

Hapo kwenye kusogea ndipo nilipokata shauri. Chozi ana tabia ya kurudi kwenye maua yaleyale. Chozi wa sentimita 12 akiwa mita tatu kutoka kwangu, lenzi ya 250 inamfanya ajaze karibu nusu ya upana wa picha. Mita tatu! Hiyo ni kukaa nyuma ya pazia la dirisha, kimya, na chai yako. Nikimjua ndege vya kutosha, sihitaji 1200.

Nachukua lenzi. Na kusema kweli dogo naye amechangia uamuzi huu. Lenzi ya 250 itanipatia sura za wahitimu wakipokea vyeti huku mimi niko nyuma ya viti vya wageni. SX50 ndani ya ukumbi wenye taa za manjano isingeniongezea mteja hata mmoja.

Lakini kuna kitu kinaniuma, nisiwafiche. Kwa SX50 ningeweza kutoka na wanafunzi usiku wa mwezi, nikaizungusha mkono kwa mkono, kila mmoja akaona makreta ya mwezi kwa jicho lake. Ikiwa juu ya stendi inaonyesha hata miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Shule nyingi tulizosoma hazikuwa na darubini. Kamera moja ya mtumba ingefanya kazi hiyo kwa kidato kizima. Lenzi yangu itawaonyesha mwezi mdogo tu, wa kukatakata kwenye kompyuta. Nimeuacha usiku huo kwa sababu nyumbani kuna mtu anasubiri nauli, na nikipata mshahara wa kwanza wa ualimu najua nitaanzia wapi.

Kwa wewe mwenye hela ya kitu kimoja kama mimi: kama huna kamera kabisa na unapiga mchana, chukua ile ya zumu kubwa, usisikilize maneno ya watu. Kama unayo ya kubadilisha lenzi na inakuingizia chochote, iongezee lenzi.

Jumamosi naenda kuijaribu Kariakoo kabla sijatoa hela. Mwenye stendi ya miguu mitatu isiyo na kazi anistue, soda juu yangu.