Njiani Kwenda Ngara: Mtoto wa Kitambaa

Saa kumi na mbili ya asubuhi niliondoka Biharamulo mjini, pale ambapo boma la zamani la Wajerumani lingali limesimama. Ukungu ulikuwa haujaondoka bado. Gari lilikuwa limejaa: akina mama na vikapu vyao, mzee mmoja na kuku wake wawili, na kando yangu kijana mwembamba aliyepakata mfuko kama mtu aliyepakata mtoto.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wakwenda wapi?"

"Nakwenda kwetu Ngara, kwa likizo. Nasoma udaktari Mwanza, mwaka wa nne."

Tukaenda hata Lusahunga, ambako barabara huchepuka kwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Toka Lusahunga hadi Rusumo ni kilometa 92, na malori marefu ya Rwanda na Burundi hupita huko usiku na mchana. Kuna misitu ambayo miaka ya nyuma magari yaliivuka yakisindikizwa na polisi, kwa kuogopa majambazi. Leo msafiri aogopa zaidi kona, mteremko, na lori bovu lililoachwa gizani. Ajali ikitokea hapa, hospitali haiko jirani. Mtu wa kwanza kumfikia majeruhi ndiye mara nyingi anayeamua kama ataishi.

Tulipopita Nyakahura, kijana alifungua mfuko wake. Mama aliyeketi nyuma yetu akapiga kelele, "Yesu na Maria! Mtoto mfukoni!" Hakuwa mtoto wa kweli. Alikuwa mtoto wa kitambaa, ameshonwa kwa kitenge kikuukuu, ana kichwa, mikono na miguu.

Mzee wa kuku akacheka sana. "Kumbe siku hizi udaktari ni kucheza na wanasesere!"

"Ndiyo, Babu," kijana akajibu kwa heshima. "Twacheza kwanza na hawa, ili tusijifunze kwa kumkosea mtoto wako."

Kisha akatueleza. Huko shuleni mtoto wa mazoezi ni wa mpira. Hujazwa maji, apate uzito kama wa mtoto mchanga. Mwalimu akibinya kipira kidogo, mtoto analia. Asipobinya, mtoto yu kimya, na mwanafunzi ana dakika moja tu. Amkaushe upesi kwa nguo safi, amsugue mgongo, amweke kichwa sawasawa. Asipopumua bado, amfunike mdomo na pua kwa kifaa cha kumpa hewa, akibonyeza taratibu, kama mara 40 kwa dakika. Kifaa kisipokaa vizuri, kifua hakiinuki, na mwanafunzi aona mara moja kwamba amekosea. Wakati mwingine mwanafunzi mwenzao hulala kitandani, akajifanya dereva aliyepinduka na lori. Wengine humtazama: njia ya hewa i wazi? Apumua? Damu yatoka wapi? Wakimaliza, huketi wote pamoja na kuulizana pasipo kudharauliana: tulichelewa wapi?

"Huyu wa kitenge nilimshona mwenyewe," akasema, "ili mikono isisahau wakati wa likizo."

Jambo hili si geni duniani. Katika karne ya 18 alikuwako Ufaransa mkunga mmoja, Madame du Coudray. Mfalme Louis wa 15 alimtuma azunguke nchini kufundisha wanawake wa vijijini, naye alifundisha kwa mwili wa mama na mtoto walioshonwa kwa kitambaa. Mwaka wa 1960, huko Norway, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, Asmund Laerdal, alitengeneza sanamu ya mtu mzima, watu wajifunze kumpa pumzi aliyezimia. Na hapa kwetu, mwaka wa 2010 hospitali ya Muhimbili ilifungua idara ya kwanza nchini ya wagonjwa wa dharura, na mafunzo ya madaktari bingwa wa kazi hiyo yakaanza.

Tukafika Benako. Msomaji, jina hili huenda walijua. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja tu, wakikimbia kutoka Rwanda, wakajaa katika vilima hivi. Nayo wilaya ya Biharamulo ilipata jaribu lake tarehe 20 Januari 2025, serikali ilipotangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia. Watu 2 walithibitishwa kuwa nao na wengine 8 walidhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki. Tarehe 13 Machi ugonjwa ulitangazwa kwisha. Katika ugonjwa kama huo, mwuguzi aweza kuambukizwa kwa kuvua vibaya nguo zake za kinga. Kuzivaa na kuzivua kwa utaratibu hakufundishwi mlangoni pa mgonjwa. Yapasa mtu awe amekwisha kufanya hivyo mara nyingi siku za amani.

Nikamwuliza kijana kama mazoezi hayo yaleta faida kweli. Akasema faida yategemea mtu anazoea mara ngapi. Katika hospitali 8 za nchi yetu, wauguzi walifundishwa kuwasaidia watoto wachanga kupumua, na vifo vya siku ile ya kwanza vikapungua karibu nusu. Habari hiyo ilitolewa mwaka wa 2013. Lakini katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watu walifundishwa siku moja, wakafanya vizuri mbele ya mwanasesere, na baada ya miezi saba kazi yao kwa watoto wa kweli ilikuwa haijabadilika. Hapo wakaweka mwanasesere palepale wadini, wakazoea kidogo kidogo, mara kwa mara. Ndipo vifo vya siku ya kwanza viliposhuka toka 11.1 hadi 7.2 katika watoto 1,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Nikakaa kimya, maana nilimkumbuka dada yangu. Miaka mingi iliyopita alijifungua mtoto wa kiume katika zahanati moja ya mbali. Mtoto hakulia. Aliyekuwapo alihangaika, akatafuta kifaa, akakipata, asijue kukishika. Mama yangu alimbatiza mtoto kwa utulivu, bila kukosea neno, kwa kuwa katekista wetu alikuwa amewazoeza akina mama ubatizo wa hatari kwa kibuyu cha maji na boga. Walicheka siku ile ya boga. Siku ya mtoto, mkono wake haukutetemeka. Mtoto alikwenda kwa Mungu amebatizwa, nasi twashukuru. Lakini tangu siku ile najiuliza: kama tuliona ni vema kuuzoea ubatizo, mbona hatukuizoea pumzi?

Nikamweleza kijana habari hiyo. Hakujibu. Alimlaza mtoto wa kitambaa magotini, akaanza upya: kukausha, kusugua mgongo, kuweka kichwa sawa. Mzee wa kuku hakucheka tena. Alimwangalia mpaka tukaingia Ngara.

Wazazi wapenzi, wengine husema ajali haina kinga. Lakini mkono uliozoea ni kinga. Mkimwona mwuguzi wenu akifanya mazoezi na mwanasesere, msimdhihaki. Nanyi nyumbani zoeeni: mama akishikwa na uchungu usiku, nani atapiga simu namba 115 ya m-mama, isiyo na malipo? Nani atashika taa, nani atabaki na watoto? Mama na ajifungulie kwenye kituo cha afya, asingojee nyumbani. Semeni mambo hayo jioni moja, baada ya sala ya pamoja, kungali na amani. Bwana alituambia tuwe tayari, kwa maana hatuijui siku wala saa.