Tanga la Kuuza

Mji wetu waitwa Tanga, na kitambaa kile kikubwa kinachosukuma chombo baharini nacho chaitwa tanga. Twayaandika maneno haya mawili kwa herufi zile zile, ila mji twaupa herufi kubwa mwanzoni, wala hakuna mtu anayepotea njia kwa sababu hiyo. Maneno yaliyo jirani humwonyesha msomaji maana iliyokusudiwa. Tena tunaye mbuzi anayekula majani, na tunayo mbuzi ya kukunia nazi, na mpishi hajapata kuchukua moja mahali pa mwingine.

Waingereza nao wana maneno mengi yenye sauti moja na maana mbalimbali, lakini mengi katika hayo huyaandika kwa herufi mbalimbali. Tanga la chombo huliandika "sail", na mauzo huandika "sale". Mdomoni ni sauti moja tu: seil. Mtamkie Mwingereza moja la maneno haya peke yake, hataweza kukuambia umetaja lipi. Yeye mwenyewe alijifunza tofauti yake shuleni, kwa jicho, kama ninyi mnavyojifunza, na watoto wa Uingereza huyakosea vilevile.

Naandika habari hii kwa kuwa nimeona jinsi jambo dogo kama hili linavyoweza kumvunja mtoto moyo. Katika darasa langu la sita alikuwapo mvulana wa Sahare, mwana wa mvuvi. Mjomba wake alikuwa na ngalawa iliyooza, lakini tanga lake lilikuwa zima bado. Akasikia kwamba wageni hupenda kununua matanga makuukuu na kuyatundika ukutani (kwa nini hasa, mimi sijui), akamwomba mpwa wake aandike tangazo kwa Kiingereza. Mvulana akatwaa ubao na rangi, akaandika "SALE FOR SAIL", akausimamisha kando ya njia. Akapita mtu mmoja mwenye elimu yake, akasoma, akacheka sana, akawaita na wenzake waje kutazama. Kesho yake habari ilikuwa imekwisha fika shuleni, na watoto wakampa mwenzao jina la Bwana Mauzo. Kwa muda wa wiki tatu hakuandika neno hata moja la Kiingereza. Nikisoma imla, yeye huweka kalamu juu ya daftari na kutazama dirishani.

Mimi nalilitazama tangazo lile kwa namna nyingine. Herufi za maneno yote mawili zilikuwa sahihi. Yamebadilishana mahali tu. Lau ubao ule ungalisomwa kwa sauti mbele ya Mwingereza kipofu, asingaliona kasoro yoyote, naye angaliuliza bei. Basi sikio la yule mvulana lilikuwa aminifu kabisa. Lilimdanganya kwa sababu lilifundishwa na Kiswahili.

Maana herufi zetu za Kiswahili zilipangwa kufuata sauti. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akiwa mtu wa misheni ile ile iliyofungua kazi Magila, katika nchi ya Wabondei, katika miaka hiyo ya 1860. Yeye na wenzake waliandika konsonanti kwa kadiri ya Kiingereza, na irabu kwa kadiri ya Kiitalia. Ni bahati yetu kwamba hawakutupa irabu za Kiingereza. Mtoto akisha kujua herufi za Kiswahili, aweza kusoma neno ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Katika Kiingereza hata mtu mzima mwenye kusoma vitabu vingi husita akikutana na jina asilolijua.

Nalikumbuka kwamba mvulana yule huenda chuoni kila alasiri kusoma Kurani. Siku moja nalimwita mbele ya darasa, nikampa chaki.

"Tuandikie kwa herufi za Kiarabu neno sura, yaani uso au umbo la mtu."

Akaandika, akaanza kwa swadi.

"Sasa tuandikie sura, ile ya Kurani."

Akaandika tena, lakini safari hii akaanza kwa sini.

"Mbona umebadili herufi? Mimi nasikia sauti moja."

"Mwalimu, hayo ni maneno mawili," akasema. "Sisi twayatamka sawasawa, lakini kwa Waarabu si sawasawa. Maalimu akiona nimetia sini mahali pa swadi, ataniambia nimeandika neno jingine."

Watoto wasiokwenda chuoni walikaza macho ubaoni. Naye hakusita hata kidogo, jinsi mtu asemavyo jambo alilozoea. Ndipo nalipoandika chini ya maneno yake "sail" na "sale", nikamwuliza kama aona tofauti yoyote kati ya kazi hii na ile. Akatazama kitambo, akatabasamu, akarudi mahali pake. Siku ile ile aliandika imla. Ubao aliupaka rangi upya mwisho wa juma, lakini tanga lenyewe lilinunuliwa na mvuvi wa Mwambani ambaye hakusoma ubao wowote.

Labda mtauliza: Waarabu wana sababu, kwa kuwa wao huzitenga sini na swadi kinywani, Waingereza wana sababu gani? Jibu ni kwamba nao walikuwa wakiyatenga maneno mengi ya namna hii. Mwaka 1476 William Caxton aliweka mtambo wa kupiga chapa huko Westminster, na baada yake wapiga chapa wakazoea polepole namna moja ya kuandika kila neno. Lakini ndimi za watu hazikungoja. Sauti ziliendelea kubadilika, herufi zikabaki nyuma. Katika "knot", yaani fundo la kamba, ile k ilikuwa ikisikika, nalo halikufanana na "not" yenye maana ya kukana. "Sea", yaani bahari, na "see", yaani kuona, yalikuwa na irabu mbalimbali. Leo sikio halitambui tena, ila karatasi yakumbuka.

Na hili "sail" lina habari yake. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "segl", na g yake ikalainika mpaka ikawa ile i mnayoiona sasa. Wadachi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, bado husema "Segel". Bila shaka neno hilo lilitajwa bandarini kwetu walipotawala Tanga, kabla Waingereza hawajautwaa mji mwaka 1916. Nalo "sale" lilitoka kwa watu wa kaskazini, mabaharia wa Skandinavia waliovamia Uingereza na kukaa huko. Wao walisema "sala", isiyo na uhusiano wowote na sala zetu. Basi maneno mawili yaliyotoka nchi mbalimbali yalikutana katika sauti moja, kila moja likiwa bado na nguo zake za safari.

Lakini msidhani kwamba kila herufi ya Kiingereza ina sababu njema. Nendeni bandarini. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na nchi kavu, na mizigo ikaletwa kwa matishari mpaka gatini. Gati hilo kwa Kiingereza huandikwa "quay", na hutamkwa ki, sawasawa na "key", yaani ufunguo. Hapo zamani Waingereza wenyewe waliliandika gati kama ufunguo, wala bahari haikukauka. Baadaye wakaiga herufi za Kifaransa. Hapo mimi sioni hekima, ila desturi. Tena boya lile linaloelea kuonyesha njia ya meli huliandika "buoy", na Mwingereza hulitamka kama "boy", mvulana. Mmarekani hulitamka vingine. Na unga wa ngano, "flour", na ua la bustani, "flower", hayo yalikuwa neno moja tangu asili, maana unga mzuri uliitwa ua la nafaka. Walitenganisha herufi zake baadaye, nayo sauti ikabaki ile ile.

Yapo maneno mengine ambayo wanafunzi wangu huyatia katika fungu hili, nami huyatoa. Mtoto husema kwamba "ship", meli, na "sheep", kondoo, yana sauti moja. Kwa Waingereza sivyo hata kidogo. Ni ndimi zetu tu zinazoyachanganya, kwa kuwa sisi tuna i moja nao wana mbili. Vilevile "hat", kofia, na "hut", kibanda. Dawa ya maneno haya ni kusikiliza sana na kuuzoeza ulimi. Lakini kwa "sail" na "sale" waweza kusikiliza mwaka mzima usipate kitu. Mwalimu asiyeyatenga mafungu haya mawili huwachosha watoto bure.

Wala tusiwacheke Waingereza kupita kiasi. Mswahili wa Mvita akimtaja paa wa mwituni, hutoa pumzi pamoja na ile p. Akitaja paa la nyumba, haitoi. Hivyo hivyo kaa wa pwani ana pumzi, na kaa la moto halina. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamisha Kiswahili sanifu juu ya msingi wa Kiunguja, na katika maandiko yetu pumzi hiyo haina alama. Basi hapo sikio la mzee wa Mvita lajua maneno mawili, na jicho laona moja, kinyume cha mambo ya Waingereza.

Tangu siku ile, katika imla sisomi neno la namna hii peke yake. Mwalimu asemaye "seil" kisha akanyamaza amewatega watoto, maana hata Mwingereza hangejua aandike nini. Husoma sentensi nzima, na watoto husikiliza maana kwanza, ndipo wainue kalamu. Hii hapa moja, mwenzenu awasomee huku mmefunika ukurasa:

"The boy could see the buoy in the sea, but he could not see the key on the quay."

Yaani mvulana aliweza kuliona boya baharini, lakini hakuweza kuuona ufunguo gatini. Andikeni, kisha funueni mtazame. Katika darasa langu hakuna aliyeipata yote mara ya kwanza, ila yule wa Sahare alikosa neno moja tu, nalo ni "quay".